Nishati inapogoma kushuka: atomu milioni moja za shaba na dislokesheni moja

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Ninaiga kwa programu ya LAMMPS kipande cha shaba chenye atomu zipatazo milioni moja, na ndani yake kuna dislokesheni moja ya ukingo, yaani kasoro ya mstari ambamo bapa moja la atomu linaishia katikati ya fuwele. Potenshali ninayotumia, yaani fomula ya kukokotoa nishati na kani za atomu, ni ile ya EAM (embedded atom method) iliyotolewa na Mishin na wenzake mwaka 2001. Kwa kupunguza nishati nimetumia algoriti ya konjugeti gradienti (conjugate gradient), kama programu ilivyojiwekea yenyewe. Nikiweka kigezo cha nishati kuwa sehemu moja ya milioni, kazi inakwisha baada ya hatua chache tu. Nikikibana zaidi, programu inasimama ikidai kwamba urefu wa hatua umefika sifuri, ilhali kani bado zipo. Tena kila nikibadilisha kigezo, dislokesheni inakaa mahali pengine. Je, nibadilishe algoriti, nitafute kompyuta kubwa zaidi, au kuna namna ya kuiboresha hii niliyo nayo?

Jibu: Marahaba. Nikuondolee kwanza wasiwasi wa kompyuta: hiyo uliyo nayo inatosha. Algoriti huenda ukaibadilisha, lakini si kabla ya kuelewa kwa nini hii ya sasa inasimama, kwa kuwa tatizo la kwanza kati ya hayo uliyoyaeleza litakufuata kwenye algoriti yoyote utakayohamia. Na niseme mapema msimamo wangu, ili uelewe kwa nini nitatumia muda mwingi kwenye mambo fulani na kupita haraka kwenye mengine. Kwa algoriti, kipande chako cha shaba ni namba milioni tatu tu zinazotakiwa kusogezwa mpaka jumla fulani iwe ndogo. Haijui kwamba namba hizo ni atomu, kwamba kila atomu ina majirani, wala kwamba shaba hunyumbuka. Karibu kila uboreshaji wenye maana uliofanyika katika fani hii ulikuwa ni kuipa algoriti kitu kimoja ambacho sisi tunakijua kuhusu maada na yenyewe haikijui.

Tuanze na kigezo chako cha nishati. Katika LAMMPS kigezo hiki ni cha uwiano: programu husimama pale ambapo tofauti ya nishati kati ya hatua mbili zinazofuatana, ikigawanywa kwa nishati yenyewe, inakuwa ndogo kuliko namba uliyoandika. Katika potenshali yako, kila atomu ya shaba iliyo ndani ya fuwele kamili ina nishati ya −3.54 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati cha ngazi ya atomu), kwa hiyo atomu milioni moja zina takriban eV milioni tatu na nusu. Sehemu moja ya milioni ya kiasi hicho ni eV 3.54. Maana yake ni kwamba umeiagiza programu iache kazi mara tu hatua moja inaposhindwa kupunguza nishati kwa kiasi kinachotosha kung'oa atomu nzima kutoka kwenye fuwele na kuipeleka mbali. Mabadiliko ya nishati yanayoamua dislokesheni ikae wapi ni madogo kuliko hapo kwa mbali sana. Kigezo hichohicho kingekuwa na nafuu kwa mfumo wa atomu 500, na nadhani ndiko kilikotoka: watu hunakili faili la amri kutoka kazi moja hadi nyingine, mfumo unakua mara elfu mbili, na namba ile inabaki palepale. Weka sifuri kwenye kigezo cha nishati, uache kani ndizo ziamue.

Kigezo cha kani nacho kina mtego wake. Isipoambiwa vinginevyo, programu huchukua kani zote milioni tatu, yaani tatu kwa kila atomu, huzipandisha kipeo cha pili, huzijumlisha, kisha huchukua kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Namba inayopatikana hukua pamoja na mfumo hata kama kila atomu imetulia kwa kiwango kilekile: kani ya 10⁻⁶ eV/Å (eV kwa kila angstromu) katika kila mwelekeo wa kila atomu hutoa jumla ya karibu 0.0017. Anayeandika 10⁻⁸ hapo anadai kani ya wastani isiyozidi takriban 6 × 10⁻¹² eV/Å, dai lisilo na maana yoyote ya kifizikia. Amri ya min_modify norm max hubadilisha kipimo kiwe kani kubwa kuliko zote inayoikabili atomu yoyote moja, na hicho ndicho kipimo ambacho mtu anaweza kukifikiria kwa akili ya kawaida.

Sasa ni kani ndogo kiasi gani? Hapa jibu linatokana na kitu unachokiiga, na kwa dislokesheni katika shaba linatisha kidogo. Mkazo wa MPa 1 (megapaskali) unapoisukuma dislokesheni yenye vekta ya Burgers, yaani umbali ambao fuwele huteleza dislokesheni inapopita, ya 2.556 Å, kila angstromu moja ya urefu wake hupata kani ya takriban 1.6 × 10⁻⁵ eV/Å, na kani hiyo ndogo hugawanywa tena kwa atomu nyingi zilizo kwenye kiini, yaani eneo lililovurugika katikati ya dislokesheni. Dislokesheni za metali kama shaba huteleza kwa mikazo midogo mno, ya MPa chache. Kwa hiyo ukisimama kwenye kani ya 0.01 eV/Å, ambayo wenzetu wa kemia ya kwanta huiona nzuri tu, umeficha chini ya busati mikazo mikubwa mara nyingi kuliko ile inayoisogeza dislokesheni yako. Ndiyo sababu inakaa mahali tofauti kila mara. Haijakaa, umeipiga picha ikiwa njiani. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza wiki mbili nikiamini kwamba nimeona dislokesheni iliyonaswa na atomu ngeni, nikaanza hata kuchora michoro ya makala, kabla ya kugundua kwamba programu ilikuwa imesimama mapema na atomu ile ngeni haikuhusika kwa lolote. Tangu siku hiyo, kwa kazi za namna hii, huomba 10⁻⁶ eV/Å kwa atomu iliyo mbaya kuliko zote.

Ukiomba hivyo kwa konjugeti gradienti ya kawaida, hutafika, na hapa ndipo unapotokea ule ujumbe wa hatua sifuri. Algoriti hii, ambayo msingi wake uliwekwa na Hestenes na Stiefel mwaka 1952, huchagua mwelekeo, kisha hutafuta kwenye mstari huo ni umbali gani ungeishusha nishati ipasavyo. Kila hatua lazima ithibitishwe na nishati ya jumla. Lakini kompyuta huandika namba kwa tarakimu 16 hivi tu zenye maana, na katika eneo la milioni tatu na nusu, namba mbili zinazopakana ambazo kompyuta inaweza kuzitofautisha zimeachana kwa takriban 4.7 × 10⁻¹⁰ eV. Hapo bado hatujahesabu makosa yanayorundikana wakati wa kujumlisha nishati za atomu milioni. Chukua atomu moja ndani ya kiini cha dislokesheni, inayoshikiliwa na majirani zake kama springi yenye ugumu wa eV 10 hivi kwa kila angstromu ya mraba. Ikiwa bado ina kani ya 10⁻⁴ eV/Å, nishati iliyobaki kupunguzwa ni kani hiyo kipeo cha pili, igawanywe kwa mara mbili ya ugumu: 5 × 10⁻¹⁰ eV. Hicho ni kiasi kilekile ambacho kompyuta inaanza kutokiona. Kani zinasema bado kuna mteremko, nishati inasema hakuna kilichobadilika, na algoriti iliyoambiwa isisogee bila ushahidi wa nishati inafupisha hatua yake mpaka inafika sifuri.

Kani zenyewe hazina upofu huo, na ni vizuri kuelewa kwa nini. Kani ya atomu moja hupatikana kwa kujumlisha mchango wa majirani makumi kadhaa walio ndani ya masafa ya potenshali, basi. Haipiti kamwe kwenye namba ya mamilioni. Nishati ni hesabu ya mji mzima, kani ni hesabu ya mtaa. Ukitaka kubaki na konjugeti gradienti, LAMMPS inakuruhusu kuchagua namna ya kutafuta hatua inayoangalia mahali ambapo kani kwenye mstari inafika sifuri badala ya mahali nishati inaposhuka: min_modify line forcezero. Ni badiliko la neno moja, na mara nyingi linatosha kukuvusha.

Hata hivyo, kwa kazi yako ningehamia FIRE. Algoriti hii ilielezwa mwaka 2006 na Bitzek, Koskinen, Gähler, Moseler na Gumbsch katika jarida la Physical Review Letters, na uzuri wake ni kwamba haiulizi nishati hata mara moja. Mfikirie mtu anayeshusha mkokoteni uliojaa kwenye mtaa wenye mteremko usioonekana vizuri. Mkokoteni ukiwa unaelekea chini anauachia uchukue kasi, huku akiupinda kidogokidogo kuelekea upande ambao ardhi inainama zaidi. Ukianza kupanda tu, anaushika na kuusimamisha kabisa, kisha anaanza upya kwa tahadhari. FIRE hufanya hivyohivyo kwa atomu: inaendesha mwendo wa kawaida wa Newton, na kila hatua hupima zao la nukta kati ya kani na kasi. Zao likiwa chanya kwa hatua kadhaa mfululizo, muda wa hatua huzidishwa kwa 1.1 hadi ukomo uliowekwa, na mchanganyo unaoipinda kasi kuelekea kwenye kani hupunguzwa polepole kwa kuzidishwa na 0.99. Likiwa hasi, kasi zote hufutwa na muda wa hatua hukatwa nusu. Kitu ambacho algoriti imepewa hapa ni inesha, yaani kumbukumbu ya ulikotoka, ambayo mbinu ya kale ya Cauchy ya mwaka 1847, ya kushuka tu kwa kufuata mteremko, haina.

Maboresho ya FIRE yaliyochapishwa mwaka 2020 na Guénolé na wenzake yanafundisha jambo lingine, kwamba algoriti inayoonekana rahisi hivi ina mahali pa kuumia. Waandishi wa awali walikuwa wameacha wazi namna ya kuunganisha mwendo kwa wakati, na watu walioiandika upya kila mmoja kwa namna yake walipata matokeo tofauti bila kujua sababu. Guénolé na wenzake waliweka mambo sawa: wakatumia mbinu ya Euler iliyo nusu fumbo, ambamo kasi husasishwa kwanza ndipo nafasi, wakaagiza kwamba zao likiwa hasi, atomu zirudi nyuma nusu hatua badala ya kuachwa upande wa pili wa bonde, wakaweka kikomo cha chini cha muda wa hatua, ili mfululizo wa kukatwa nusu usiugandishe mfumo, na wakaweka subira ya hatua 20 kabla ya kuanza kuongeza kasi. Hii ndiyo FIRE unayoipata leo ukiandika min_style fire katika LAMMPS ya karibuni. Kama toleo lililosakinishwa chuoni kwenu ni la zamani kuliko 2020, unapata ile ya kwanza, na mazungumzo yote ya nani ana kasi kuliko nani yanabadilika.

Nikupe hila moja ndogo hapo, ambayo kwa shaba tupu hutaihitaji lakini siku ukiweka hidrojeni ndani ya chuma itakuokoa. Mahali nishati inapokuwa ndogo kabisa hapategemei masi za atomu. Ukiacha hidrojeni na masi yake ya 1 karibu na chuma chenye 56, hidrojeni itatetemeka upesi mno na kuwalazimisha wote watembee kwa hatua zake fupi. Ipe masi sawa na ya chuma wakati wa kupunguza nishati. Kisha irudishie masi yake unapoanza mienendo halisi.

Nimeeleza namna ya kufika. Sasa kuhusu muda wa kufika, ambao ndio kiini cha neno "kuboresha". Fikiria mnyororo wa atomu 100 ulioshikwa ncha zote mbili, kila atomu ikiunganishwa na jirani yake kwa springi zilizo sawa. Mnyororo huu una namna nyingi za kutetemeka: ile ngumu kuliko zote, ambamo kila atomu inakwenda kinyume na jirani yake, na ile laini kuliko zote, ambamo mnyororo mzima unajipinda kama upinde mmoja mrefu. Uwiano wa ugumu kati ya hizo mbili ni kama 4,100. Mbinu ya Cauchy inalazimika kutembea kwa hatua fupi zinazovumilika kwa ile ngumu, huku ikisubiri ile laini itulie, na kwa makadirio ya kawaida ya nadharia inaweza kuhitaji hatua zaidi ya 14,000 ili kupunguza kosa la nishati mara milioni moja. Ongeza mnyororo uwe wa atomu 1,000, na uwiano unaruka hadi kama 406,000: urefu mara kumi, hatua mara mia. Konjugeti gradienti hutegemea kipeuo cha pili cha uwiano huo, yaani 64 hivi na 637, kwa hiyo urefu mara kumi ni hatua mara kumi tu. Mbinu zenye inesha kama FIRE ziko kwenye ukoo huo wa pili.

Katika kipande chako cha pande tatu, atomu milioni moja ni kama atomu 100 kwa kila upande. Ukitaka atomu milioni nane, upande unaongezeka mara mbili, hatua zinaongezeka mara mbili, na kila hatua inagharimu mara nane: jumla mara 16. Hapo ndipo mtu anapoomba kompyuta kubwa, wakati ambapo sehemu kubwa ya muda huo inatumika kungojea mawimbi marefu ya kunyumbuka, yaani kitu ambacho nadharia ya unyumbufu ya karne ya 19 inakijua kwa kalamu na karatasi.

Ndipo linapokuja wazo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 2016 Packwood, Kermode, Csányi, Ortner na wenzao walichapisha kile ninachokiita kisawazishi (preconditioner): matriki inayobadilisha sura ya bonde refu jembamba ili lifanane zaidi na bakuli la duara kabla algoriti haijaanza kushuka. Matriki yao haihitaji kujua potenshali. Unachukua kila jozi ya atomu zilizo karibu, mathalani zisizozidi mara mbili ya umbali wa jirani wa karibu kabisa, na kuziunganisha kwa springi ya kubuni ambayo ugumu wake unafifia kwa kasi ya kipeo kadiri umbali unavyoongezeka. Basi. Fuwele hiyo ya kubuni si shaba wala silikoni, lakini ina mawimbi marefu na mafupi yaliyopangika karibu kama ya kitu halisi, na kila unapopata kani unaiuliza: "Kama ungekuwa wewe, ungesogea kiasi gani kwa kani hizi?" Jibu lake linakuwa mwelekeo wa L-BFGS, algoriti nyingine inayokadiria mpindo wa bonde kutokana na hatua zilizopita, au wa FIRE. Kwa njia hii idadi ya hatua inakaribia kutoongezeka mfumo unapokua. Mbinu hii imo ndani ya kifurushi cha ASE cha lugha ya Python, tayari kutumika.

Mbona basi nimekupeleka kwenye FIRE tupu? Kwa sababu ya bei. Kuiuliza fuwele ya kubuni ni kutatua mfumo wa milinganyo milioni kadhaa katika kila hatua, na EAM ni potenshali nafuu mno kiasi kwamba muda wa kutatua milinganyo hiyo unaweza kumeza faida yote. Kwa potenshali za ujifunzaji wa mashine, au kwa hesabu za kwanta ambamo kani za hatua moja zinaweza kuchukua saa nzima, mizani inageuka kabisa na kisawazishi ni cha kuanzia nacho. Wengi wetu huku Afrika Mashariki tumeingilia fani hii kwa mlango wa Quantum ESPRESSO, programu ya hesabu za kwanta, katika mafunzo kama yale ya ASESMA, shule ya Afrika ya mbinu za muundo wa elektroni, yaliyofanyika Eldoret mwaka 2012, na mazoea ya huko yanafaa kwa huko: BFGS (mbinu mama ya L-BFGS), atomu makumi, na kigezo cha kani ambacho programu hujiwekea cha 10⁻³ Ry kwa bohr, yaani karibu 0.026 eV/Å. Ukiyahamishia kwenye dislokesheni ya atomu milioni bila kuyapima upya, unarudi kwenye tatizo lako la leo.

Kuna njia ya bei ndogo zaidi ya kupata sehemu kubwa ya faida ya kisawazishi, nayo ni mahali unapoanzia. Usikate bapa la atomu na kuiachia programu ijaze pengo. Zisogeze atomu zote kwanza kwa kufuata uga wa unyumbufu wa dislokesheni, na kwa shaba tumia ule unaozingatia kwamba fuwele haina ugumu sawa pande zote. Tena, katika shaba dislokesheni ya ukingo haikai nzima: hugawanyika kuwa dislokesheni mbili za Shockley zilizotenganishwa na utepe wa tabaka zilizokosea mpangilio, utepe wenye upana wa kama nanomita 4. Zianzishe zikiwa tayari zimeachana kwa umbali huo. Utakuwa umemaliza kwa mkono yale mawimbi marefu ambayo algoriti huyashughulikia vibaya kuliko yote, na kuiachia kiini, ambacho inakiweza.

Tahadhari moja kuhusu L-BFGS, iliyopendekezwa na Nocedal mwaka 1980 na inayosifiwa sana, tena kwa haki, kwa mifumo midogo iliyo laini. Algoriti zenye pupa hazifiki lazima kwenye bonde lililo karibu nawe. Hatua kubwa ya mwanzoni inaweza kuruka ukingo na kutua kwenye bonde la jirani, na hata inesha ya FIRE inaweza kuvuka kilima kifupi. Kwa anayetaka tu muundo uliotulia si neno. Kwa anayeuliza ni mkazo gani hasa unaoifanya dislokesheni iondoke, ni kosa kubwa. Huyo aongeze mkazo kwa vipande vidogo na azuie hatua ndefu. LAMMPS tayari haimruhusu mtu kuisogeza atomu zaidi ya 0.1 Å kwa hatua moja, na mimi wakati mwingine hupunguza hadi 0.02.

Chanzo kingine cha hatua kugoma hakimo ndani ya algoriti kabisa, bali kwenye potenshali. Mfano ulio wazi ni potenshali sahili ya Lennard-Jones (σ ni kipimo chake cha urefu, ε cha nishati) iliyokatwa kwenye umbali wa 2.5σ bila kulainishwa: pale inapokatwa, nishati haiko sifuri bali −0.0163ε, kwa hiyo kila jozi ya atomu inayovuka mpaka huo inairusha nishati ya jumla ghafla. Bonde lina ngazi, na algoriti iliyotengenezwa kwa ajili ya miteremko laini inajikwaa. Potenshali yako ya EAM imelainishwa ukingoni, kwa hiyo wewe umesalimika. Wanaotumia mitandao ya neva wana ngazi za aina yao: modeli inayoendeshwa kwa usahihi wa biti 32 ina tarakimu saba hivi tu zenye maana, na hesabu niliyokufanyia hapo juu ya eV milioni tatu na nusu inakuwa mbaya mara mamilioni. Watengenezaji wa MACE, mojawapo ya modeli hizo, wenyewe hushauri biti 64 kwa kazi ya kutuliza muundo, na biti 32 kwa mienendo tu.

Kwa kazi yako, basi, anza na uga wa unyumbufu, FIRE, kigezo cha nishati sifuri na kipimo cha kani kubwa kuliko zote. Kisha chora grafu moja: kwenye mhimili wa wima weka kani kubwa kuliko zote kwa kipimo cha logi, na kwenye mlalo weka idadi ya mara kani zilipohesabiwa, si sekunde, kwa kuwa sekunde zinategemea nani mwingine yuko kwenye kompyuta siku hiyo. Mstari unaoshuka taratibu bila kukatika unakuambia kwamba unangojea mawimbi marefu, na dawa yake ni mahali pa kuanzia au kisawazishi. Mstari unaoshuka vizuri halafu ukalala ghafla kama sakafu ni tarakimu zimekwisha, au potenshali ina ngazi. Meno ya msumeno yanayojirudia yanaonyesha kwamba FIRE inafuta kasi mara kwa mara, hivyo punguza kikomo cha juu cha muda wa hatua. Na kama kuna kilima kirefu katikati, ambapo kani inapanda kwa muda kabla ya kushuka tena, usikifute kwenye mchoro ukidhani ni uchafu: mara nyingi ndipo dislokesheni iliposogea kutoka bonde moja kwenda lingine.

Ukishafika, itikise. Sogeza kila atomu kwa nasibu kwa umbali usiozidi 0.001 Å, punguza nishati upya, na uangalie kama dislokesheni imerudi palepale. Ikirudi mara tatu mfululizo, andika matokeo yako. Isiporudi, nitumie ile grafu; jedwali la nishati baki nalo.